Xi'an, Mji wa Ukuta na Askari wa Udongo

Ndugu wasomaji, wahenga walisema tembea uone. Juma hili safu yetu inawachukua mbali, hadi katikati ya nchi ya China, kwenye mji wa Xi'an, makao makuu ya jimbo la Shaanxi. Tumeuchagua mji huu kwa sababu wengi wenu ni askari wa jeshi na polisi, pamoja na wake, waume na watoto mnaoishi nao kambini. Historia ya Xi'an, tangu kale hadi karne iliyopita, ni historia ya ulinzi: nani alilinda, alilinda nini, na nani aliyelipa gharama ya ulinzi huo.

Ukijumlisha vipindi mbalimbali, mahali hapa palikuwa makao ya wafalme wa China kwa zaidi ya miaka elfu moja. Zama za Han na za Tang mji uliitwa Chang'an, yaani Amani ya Daima. Jina la Xi'an, lenye maana ya Amani ya Magharibi, lilitolewa mwaka 1369, mwanzoni mwa utawala wa nasaba ya Ming. Majina yote mawili yanataja amani. Nilikaa huko siku nne, nikaenda kutazama jinsi watu wa mji huo walivyoitafuta.

Siku ya kwanza: juu ya ukuta

Mgeni aingiaye Xi'an hupokelewa na ukuta. Ulijengwa kati ya mwaka 1370 na 1378, na hadi leo unauzunguka mji wa zamani pande zote nne kwa urefu wa kilomita 13.7. Kimo chake ni mita 12. Chini una unene wa mita 15 hadi 18, na juu una upana wa mita 12 hadi 14, hata malori mawili yangeweza kupishana bila kugusana. Nje yake pana handaki lenye maji. Juu ya ukuta watu hukodi baiskeli, nami nilikodi moja nikauzunguka mji mzima, nikiona upande mmoja mapaa ya kale ya vigae vya kijivu, na upande wa pili majumba marefu ya siku hizi.

Asili ya ukuta huo ni udongo. Mafundi walimwaga tabaka baada ya tabaka, wakashindilia kila moja mpaka likawa gumu kama jiwe; tabaka la chini kabisa walilichanganya na chokaa na uji wa mchele unaonata. Matofali ya kuchoma yaliyoufunika nje yaliongezwa baadaye, mwaka 1568.

Msomaji aliyewahi kushika lindo atapenda kujua habari za buruji zake. Ziko 98, na kila moja imechomoza nje ya ukuta. Kutoka buruji moja hadi nyingine ni mita 120. Mshale wa upinde wa zama zile ulipiga kwa uhakika umbali wa mita 60. Kwa hiyo adui aliyefika mguuni pa ukuta alipigwa kutoka ubavu wa kushoto na ubavu wa kulia, wala hapakuwa na hatua moja ambayo haikulindwa. Malango makuu nayo yalijengwa kwa hila. Adui aliyevunja mlango wa nje alijikuta uani, amezungukwa na kuta ndefu pande zote, na mbele yake mlango mwingine umefungwa.

Mfalme aliyeanzisha nasaba ya Ming, Zhu Yuanzhang, alizaliwa katika nyumba ya wakulima maskini. Aliwapoteza wazazi wake kwa njaa na maradhi, akaomba chakula njiani, kisha akawa askari. Kabla hajatawala, mzee mmoja msomi aliyeitwa Zhu Sheng alimpa ushauri wa mambo matatu: ajenge kuta ndefu, ajaze ghala za nafaka, wala asiharakishe kujiita mfalme. Ukuta wa Xi'an ni tunda la neno la kwanza katika ushauri ule. Nawaomba wasomaji mkumbuke neno la pili, kwa maana tutalirudia.

Siku ya pili: jeshi lililofukiwa

Siku iliyofuata nilipanda basi kwenda mashariki ya mji, wilaya ya Lintong. Huko mwezi wa Machi, mwaka 1974, wakati wa ukame, wakulima wa kijiji kimoja walikuwa wakichimba kisima. Badala ya maji waligonga vipande vya vyungu, kisha kichwa cha mtu aliyefinyangwa kwa udongo. Walikuwa wamelifikia jeshi la Qin Shihuangdi, mfalme wa kwanza aliyeziunganisha nchi za China kuwa dola moja, mwaka 221 K.K. Jumba la makumbusho lilifunguliwa mahali hapo mwaka 1979.

Shimo la kwanza lina urefu wa mita 230 na upana wa mita 62, na limefunikwa kwa paa kubwa mfano wa banda la ndege. Unaposimama ukingoni na kutazama chini, unaona askari wamejipanga katika njia kumi na moja, kila mmoja mrefu kama mtu au kupita kidogo. Uso wa huyu si uso wa yule: huyu ana masharubu, yule kijana, mwingine ana mashavu manene. Safu tatu za mbele zimeelekea mashariki. Ubavuni pana askari waliogeukia nje, na nyuma kabisa pana waliogeuka kulinda mgongo wa kikosi. Wataalamu wanakadiria kwamba mashimo matatu yana sanamu zipatazo elfu nane, na nyingi bado zimo ardhini. Shimo la tatu, dogo kuliko yote, ni mahali pa wakuu wa jeshi.

Mafundi hawakudharau jambo lolote. Mpiga upinde aliyepiga goti ameonyeshwa hata soli ya kiatu chake: mishono imekazwa kwenye vidole na kisigino, na katikati imeachwa mbalimbali, ili kiatu kisiteleze wala kisichoshe mguu. Silaha za shaba nyeusi zilizopatikana humo, zikiwemo ncha za mishale zaidi ya elfu arobaini, zilitengenezwa kwa kipimo kimoja. Baadhi ya silaha zimechorwa jina la fundi, la msimamizi wake, na la waziri mkuu wa nchi, Lü Buwei. Silaha ikiwa mbovu, aliyeitengeneza alijulikana, na aliyemsimamia alijulikana pia.

Lakini jeshi hilo halikukutwa limesimama. Mapaa ya miti yaliyolifunika yaliungua na kuanguka, sanamu zikavunjika vipande. Karibu kila askari tunayemwona leo ameungwa upya na mikono yenye subira, kipande baada ya kipande. Zamani walipakwa rangi nyekundu, kijani na zambarau. Walipofukuliwa, hewa kavu iliibambua rangi hiyo kwa dakika chache tu.

Nani walioifanya kazi hiyo? Mwanahistoria wa kale Sima Qian aliandika kwamba watu laki saba walitumikishwa katika kaburi la mfalme na majumba yake. Karibu na kaburi wachimbuzi wamekuta makaburi ya vibarua hao. Juu ya baadhi yao pamewekwa vipande vya vigae vilivyokwaruzwa jina la mtu na mahali alikotoka, na wengine wameandikwa kuwa walikuwa wakifanya kazi ili kulipa deni au faini waliyodaiwa na serikali. Mfalme aliachiwa jeshi zima, na kibarua akaachiwa kigae.

Shihuangdi alifariki mwaka 210 K.K. Mwaka uliofuata, watu mia tisa walikuwa wakipelekwa mpakani kwenda kulinda. Mvua kubwa ikaharibu njia, wakachelewa. Kwa masimulizi ya Sima Qian, sheria ya Qin ilikuwa kwamba achelewaye hukatwa kichwa, wala haikuuliza kama mtu alikawia kwa uzembe au kwa mafuriko. Viongozi wao wawili, Chen Sheng na Wu Guang, wakafanya hesabu: kufika ni kufa, kutoroka ni kufa, na kuasi pia ni kufa, basi afadhali kuasi. Chen Sheng alikuwa amewahi kuwa kibarua wa shamba. Uasi wao ulizimwa, lakini moto ulikuwa umekwisha kuenea nchini, na mwaka 206 K.K. nasaba ya Qin ikawa imekwisha. Dola ile iliyotaka kudumu milele iliishi miaka kumi na mitano tangu kuunganishwa kwake. Adui wa kutoka mbali hakuiangusha. Ilianguka mikononi mwa watu wake wenyewe, nao walianza watu waliokuwa njiani kwenda kuilinda. Kikulacho ki nguoni mwako.

Aliyeingia kutawala nyumba ya Qin alikuwa Liu Bang, mtu aliyewahi kuwa ofisa mdogo wa kijijini. Sima Qian anasimulia kwamba aliwakusanya wazee wa nchi, akawaambia kwamba sheria kali zimefutwa na zimebaki tatu tu: auaye atauawa, na ajeruhiye na aibaye wataadhibiwa kwa kadiri ya kosa. Wananchi wakafurahi, wakawaletea askari wake ng'ombe, kondoo na pombe. Liu Bang akakataa vitu hivyo, akisema ghala zina chakula cha kutosha, hataki kuwagharimu watu. Yeye ndiye aliyeanzisha nasaba ya Han, iliyotawala miaka mia nne, na mji wake mkuu ukawa Chang'an.

Siku ya tatu: ndani ya mji

Katikati ya mji umesimama Mnara wa Kengele, uliojengwa mwaka 1384, na karibu yake upo Mnara wa Ngoma wa mwaka 1380. Kengele ilitangaza asubuhi, na ngoma ikatangaza jioni, kama vile tarumbeta inavyofanya katika kambi zetu.

Nyuma ya Mnara wa Ngoma kuna mtaa wa Wahui, Wachina walio Waislamu. Wafanyabiashara walifika huku kwa misafara ya ngamia, kwa njia ya hariri iliyotoka Chang'an kuelekea magharibi. Msikiti Mkuu wao, kwa mapokeo, ulianzishwa mwaka 742, na majengo yanayoonekana leo chimbuko lake ni zama za Ming. Msomaji wa pwani angepita karibu nao asiutambue. Hauna kuba, na mnara wake ni banda la ghorofa lenye mapaa ya Kichina yaliyopinda ncha. Lakini umeelekezwa Makka, na maandishi ya Kiarabu yamechongwa ndani yake.

Akina mama na akina baba wapishi wataniuliza watu wa huko wanakula nini. Mtaani nilikuta mishikaki ya kondoo ikinukia bizari nyembamba na pilipili, nikajiona kama niko nyumbani. Chakula chenye sifa zaidi ni mkate katika mchuzi wa kondoo. Mteja hupewa bakuli tupu na mikate miwili migumu, myembamba, isiyoumuka. Huimega mwenyewe kwa vidole, vipande vidogo kama punje za maharagwe, na kazi hiyo huchukua hata nusu saa, huku watu wakizungumza. Kisha bakuli hurudishwa jikoni. Mpishi hutia vipande hivyo katika mchuzi wa mifupa uliochemka kwa saa nyingi, akaongeza nyama na tambi, na mlaji hula pamoja na vitunguu saumu vilivyotiwa siki na sukari. Vipande vikiwa vikubwa, mchuzi haupenyi ndani, na chakula hupoteza ladha. Ukiwa na mkate mgumu au chapati za jana, usizitupe. Chemsha mifupa, mega vipande vidogo, na watoto watashiba.

Jioni nilikwenda kusini ya mji kuuona Mnara wa Batabukini Mkubwa. Ulijengwa mwaka 652 kuhifadhi vitabu 657 vya dini ya Buddha ambavyo mtawa Xuanzang alivileta kutoka Bara Hindi, baada ya safari ya miaka zaidi ya kumi na mitano. Una ghorofa saba na kimo cha mita zipatazo 64. Chang'an ya wakati huo ilikuwa na watu wapatao milioni moja, nao mtawa mmoja aliyebeba vitabu alijengewa mnara ambao umesimama hata leo, ilhali majumba ya wafalme wa zama zake yamebaki misingi.

Siku ya nne: vilima viwili

Siku ya mwisho nilikwenda kwenye bustani iliyo ndani ya ukuta, upande wa kaskazini-mashariki, iitwayo Bustani ya Mapinduzi. Ni mahali pa miti, ziwa dogo na wazee wanaocheza karata. Lakini humo mna vilima viwili, na vilima hivyo ni makaburi.

Mwezi wa Aprili, mwaka 1926, China ilipokuwa imegawanyika mikononi mwa majemadari waliogombana, Liu Zhenhua aliuzingira Xi'an kwa jeshi kubwa. Waliolinda walikuwa Yang Hucheng na Li Huchen. Na kwa kuwa majina yao yote mawili yana neno chui milia, watu walisema kwamba chui wawili wanalinda mji. Ukuta ule wa Ming, uliokuwa na umri wa karibu miaka 550, ulifanya kazi yake. Adui aliupiga, akajaribu kuupanda, akashindwa. Mji haukutekwa. Mwishoni mwa Novemba jeshi la Feng Yuxiang lilifika kutoka magharibi, adui akakimbia.

Basi, ndugu wasomaji, kwa nini vilima viwe vikubwa hivyo? Kwa sababu kwa miezi minane hakuna gunia lililopita malangoni. Ngano ya mashambani nje ya mji waliozingira waliiharibu. Ghala za ndani zilikwisha, na askari walihitaji kula ili waweze kusimama zamu, hivyo raia akabaki na kidogo, kisha akabaki bila kitu. Watu walikula mashudu ya mafuta, wakala majani. Waliokufa kwa njaa, maradhi na vita ni makumi ya maelfu, na wengi kati yao hawakuwahi kushika silaha. Mwaka 1927 walizikwa pamoja katika vilima viwili, na udongo wa kuwafunika ulibebwa na askari na raia waliosalia.

Yang Hucheng mwenyewe aliandika maneno ya maombolezo kwa ajili yao, na hakuandika sifa za ushindi peke yake. Alitaja pia manung'uniko ya watu. Miaka kumi baadaye, tarehe 12 Desemba, 1936, yeye na mwenzake Zhang Xueliang walimkamata mkuu wao, Chiang Kai-shek, karibu na mji huu, wakimtaka aache kuwapiga Wachina wenzake na kuwakabili Wajapani waliokuwa wameteka sehemu ya nchi. Chiang aliachiliwa baada ya wiki mbili. Zhang alizuiliwa zaidi ya miaka hamsini, na Yang aliuawa kifungoni mwaka 1949. Katika maisha yake yote, nadhani hapana tendo lililomhitaji ushujaa kuliko kuandika yale manung'uniko, kwa maana mshindi hupenda kukumbuka ukuta na kusahau bakuli la raia.

Mzee Zhu Sheng alikuwa amesema kuta na nafaka. Mwaka 1926 Xi'an ulikuwa na neno la kwanza, neno la pili likakosekana. Shihuangdi alikuwa na jeshi hai na jeshi la udongo, silaha zenye kipimo na viatu vilivyoshonwa vizuri, lakini sheria yake haikumwachia mtu njia nyingine ila kuasi. Nionavyo mimi, mambo haya mawili ni jambo moja. Askari hulinda watu, nao watu ndio wanaomlinda askari: humpa chakula, habari na sababu ya kusimama zamu usiku wa mvua. Wakichoshwa kwa njaa au kwa dhuluma, hakuna buruji itakayoziba pengo hilo.

Wakuu wanaosoma safu hii watajua wenyewe neno lao. Kwa askari wa kawaida, nasema hivi: kuku anayechukuliwa kijijini bila malipo ni tofali linalong'olewa ukutani. Liu Bang alikataa hata kile alichopewa kwa hiari. Na kwa familia za kambini, akiba haiozi. Bustani ndogo nyuma ya nyumba, kopo la maharagwe lililofungwa vizuri, mtungi wa mahindi makavu yasiyofikiwa na panya, hayo nayo ni sehemu ya ulinzi wa nchi, ingawa hayapigiwi gwaride.

Atakayejaliwa kufika Xi'an asiishie kwenye sanamu na ukuta, ambako wageni hujaa tangu asubuhi. Atafute pia ile bustani, asimame kidogo mbele ya vilima viwili. Hakuna malipo ya kuingia, na si wageni wengi wanaokwenda.

Tuonane juma lijalo.